Kuskani Si Kuhifadhi: Nani Asimamie Kumbukumbu za Kielektroniki za Kaunti?

Ripoti za miradi ya kumbukumbu za kielektroniki hupenda kuhesabu kurasa. Tunaambiwa ni ngapi zimeskaniwa, mashine ngapi zimenunuliwa, maafisa wangapi wamepata mafunzo. Hoja yangu katika mada hii ni kwamba mwangalizi anayeridhika na hesabu hiyo hajasimamia chochote. Kilichonunuliwa kwa fedha za umma ni uwezo wa kuitoa kumbukumbu hiyo miaka mingi baadaye, ikiwa kamili, mbele ya mtu asiyeiamini. Uwezo huo hauonekani siku ya uzinduzi, na ndiyo maana uangalizi wake lazima uandikwe ndani ya mkataba kabla zabuni haijatangazwa.

Hapa katika Kaunti ya Kirinyaga, Kenya, hatuhitaji kwenda mbali kuona umri wa kumbukumbu. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulianzisha kuunganishwa na kusajiliwa kwa mashamba katikati ya Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, na wajukuu wa waliosajiliwa bado wanafuata kadi za masijala ya ardhi wanapogawana urithi. Mwea ni nyeti zaidi. Mradi wa mpunga ulianza miaka hiyo hiyo kwa kazi ya mahabusu, na kwa muda mrefu mkulima wa huko alilima kwa leseni, bila hatimiliki. Kwake yeye faili ya ofisi ya mradi ndiyo iliyoonyesha nani ni mpangaji na nani ameandikwa kuwa mrithi, na ikipotea, hakuna cheti kabatini nyumbani cha kuziba pengo. Kisha ukaja ugatuzi wa 2013, na serikali ya kaunti ikarithi makabati ya baraza la kaunti la zamani na ya manispaa ya Kerugoya-Kutus. Kumbukumbu za namna hii huulizwa baada ya miaka sitini au sabini. Mkataba wa programu ya kompyuta huisha baada ya michache tu. Tatizo zima la uangalizi limo katika tofauti hiyo, na wasimamizi wengi hulipita kwa sababu wao wenyewe watakuwa wamehamishwa kabla halijajitokeza.

Wenye fedha nyingi kutuzidi pia wamejikwaa hapa. Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani ilimpa mwanakandarasi, kampuni ya Lockheed Martin, kazi ya kujenga hifadhi ya kumbukumbu za kielektroniki mwaka 2005. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo ilirudi mara kwa mara na lalamiko lile lile: gharama zinapanda, ratiba inateleza, na idara haina njia ya kuaminika ya kulinganisha kazi iliyofanyika na fedha zilizotumika. Mwaka 2010 mradi uliingizwa katika orodha ya miradi ya teknolojia yenye hatari kubwa, na mwaka 2011 ujenzi ukasimamishwa kwa kile kilichokuwa kimefikiwa. Wakaguzi walikuwapo tangu mwanzo na ripoti ziliandikwa. Kilichokosekana ni kipimo ambacho mwenye mradi angeweza kumwonyesha mwanakandarasi na kumwambia: hapa hujafika, sikulipi.

Kwetu kipimo hicho kina msingi wa kisheria tayari. Sheria ya nyaraka za umma, Sura ya 19, ni ya 1965, lakini inatafsiri kumbukumbu kwa upana unaojumuisha habari zinazobebwa kwa njia yoyote, na inampa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa mamlaka ya kuzikagua na kuidhinisha zipi ziharibiwe. Afisa wa kaunti hawezi kuamua peke yake kwamba karatasi zichomwe kwa kuwa zimeshaskaniwa. Sheria ya Ushahidi nayo, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza jinsi hati ya kielektroniki ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kilichotiwa sahihi na mtu mwenye wajibu juu ya shughuli hiyo. Sasa mwangalizi aulize: faili ikiitwa mahakamani Kerugoya mwaka 2055, cheti hicho kitaandikwa kutokana na nini? Kama mwanakandarasi hakuacha daftari la nani aliskani, lini na kwa mashine gani, wala alama ya tarakimu inayokokotolewa kutokana na kila faili ili badiliko lolote lijulikane, kaunti itakuwa na picha nzuri isiyo na mtu wa kuithibitisha.

Wapo watakaosema ninawatisha maafisa bure, kwamba karatasi nazo huungua, huliwa na mchwa na hung'olewa na watu wenye nia mbaya. Ni kweli tupu, na sipingi kuskani. Lakini karatasi iliyong'olewa huacha pengo katika namba za kurasa, ilhali faili iliyobadilishwa katika mfumo usio na daftari haiachi alama. Wengine hutegemea mitambo ya taifa, na hutaja kwamba eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, iliposhambuliwa Julai 2023 waziri husika alieleza kuwa hakuna data iliyopotea. Tukio hilo lilihusu huduma kuzuiwa kwa siku chache; halikujibu kama data hiyo itasomeka programu iliyoiunda ikishaachwa.

Pingamizi lenye uzito ni la gharama na wataalamu. Kaunti haina watu wa kutosha wa masijala, seuze wa kompyuta. Hata hivyo jaribio ninalolipendekeza ni rahisi: faili zichaguliwe kwa kura, zifunguliwe kwenye kompyuta ambayo haina programu ya mwanakandarasi, na zilinganishwe na karatasi zake ukurasa kwa ukurasa. Karani makini wa masijala anaweza kuliendesha, na Chuo Kikuu cha Kirinyaga, ambacho kiko papa hapa Kutus, kinafundisha kompyuta. Katika mikataba ya barabara, sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kipindi cha kasoro kiishe; hapa pia izuiliwe, jaribio lirudiwe kila mwaka, na matokeo yapelekwe kwa kamati ya bunge la kaunti na kwa wakaguzi wa Mkaguzi Mkuu badala ya kubaki kwa idara iliyonunua mfumo. Ni kweli mwanakandarasi atapandisha bei kidogo kwa ajili ya fedha zilizozuiliwa. Bei hiyo ilipwe, hata kama italazimu kuanza na masijala moja badala ya zote kwa mara moja, na karatasi za masijala hiyo zikae kabatini hadi jaribio lipite na Mkurugenzi aandike idhini yake.