Mlinzi Akae Nje ya Mlango

(Maneno yaliyotolewa kwa makatibu, wahasibu na watunza kumbukumbu wa vituo vya Bukoba na Muleba)



Tuliofanya kazi maofisini miaka ya mwanzo ya 2000 tunakumbuka modemu iliyounganishwa na waya wa simu ya mezani. Wingu jeusi lilipopanda kutoka ziwani, tulikimbilia kuchomoa waya ule ili radi isiunguze kompyuta. Hatukujua kwamba tulikuwa tunafunga na mlango pia.

Modemu iliyowekwa kuitika yenyewe ilimpokea kila aliyepiga. Walikuwapo watu walioiachia kompyuta ipige namba moja baada ya nyingine, mpaka ipate modemu inayoitika. Filamu ya Marekani iitwayo WarGames ilionyesha mbinu hiyo mwaka 1983. Hata penye neno la siri, mgeni alikuwa ameshafika kwenye kompyuta, akibahatisha.

Ndiyo maana vikatengenezwa vifaa vya kuweka kati ya waya wa simu na kompyuta. Kifaa kilidai namba ya siri kwanza. Asiyeijua hakuifikia kompyuta kabisa. Vingine vilikata simu, kisha vikampigia mhusika kwa namba iliyoandikishwa. Navyo vilikuwa na udhaifu: mjanja aliyebaki kwenye laini bila kukata aliweza kukihadaa kifaa. Kwa hiyo ilikuwa salama zaidi kumpigia kwa laini nyingine.

Kwa nini tunakumbushana haya, wakati modemu zile hatunazo tena? Kwa sababu mlango umebadilika tu, haujaondoka. Leo tuna ruta, na tuna programu zinazomwezesha fundi aliye Dar es Salaam kutengeneza kompyuta iliyo Muleba. Katika kituo kimoja tulikuta programu hiyo imeachwa wazi miezi kadhaa baada ya fundi kumaliza kazi, na neno la siri limebandikwa ukutani.

Ndani ya kompyuta zetu yamo majina ya watoto yatima na ya wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, inajua jina likivuja linavyoumiza nyumba nzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi tunaozitunza.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, neno la siri lililokuja na ruta kutoka kiwandani libadilishwe. Pili, mlango wa fundi ufunguliwe akiwa kazini tu, mtu wetu akiwapo, kisha ufungwe. Tatu, kompyuta yenye orodha za wagonjwa isiunganishwe na mtandao bila sababu.

Mama anayetuambia hali yake haijui kompyuta, anatujua sisi. Tusimwangushe.