Tairi la Nyuma Linapogusa Springi: Namna ya Kutambua Chanzo



Bungu ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Lindi na Mtwara hupita hapa, na hapa ndipo magari yaendayo gati la Nyamisati, wanakopandia boti wasafiri wa Mafia, huiacha barabara hiyo. Gari lilelile hubeba abiria, magunia na bidhaa za duka katika safari moja. Hukimbia kwenye lami, kisha huyumba mashimoni. Mazungumzo haya yanahusu kasoro izaliwayo kwa urahisi katika mazingira hayo: tairi la nyuma kugusa springi, shokapu au vyuma vinavyoshika ekseli.

Ubaya wa kasoro hii ni kwamba hujificha. Mkwaruzo hutokea upande wa ndani, ambao dereva haoni anapolizunguka gari asubuhi. Ubavu wa tairi ni mwembamba kuliko sehemu inayokanyaga barabara, na ndani yake mna nyuzi zinazostahimili nguvu ya upepo. Chuma kikizikata nyuzi hizo, tairi laweza kupasuka ghafla gari likiwa katika kasi na limejaa watu. Tairi la namna hiyo halizibwi; huondolewa kabisa.

Dalili zake ni harufu ya mpira, sauti ya kukwaruza gari linapotumbukia shimoni au kukata kona, unga mweusi kwenye vyuma vya nyuma, na mstari uliong'aa pale rangi ilipochubuka. Wengi wakiona dalili hizo hukimbilia kununua tairi jipya au kugonga bodi kwa nyundo. Tairi jipya likifungwa juu ya kasoro ileile, nalo litaliwa vilevile. Inafaa kwanza kuisoma alama, na maswali matatu husaidia.

Swali la kwanza: alama iko upande mmoja au pande zote mbili? Ikiwa pande zote, yafaa kushuku ukubwa wa tairi, aina ya rimu au uzito wa mzigo. Ikiwa upande mmoja tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kitu kimevunjika, kimepinda au kimelegea upande huo.

Swali la pili: mguso hutokea wakati gani? Ukitokea gari likiwa na mzigo tu, springi zimechoka au mzigo umezidi. Ukitokea kwenye kona, bushi zimekwisha, beringi imelegea, au mkono unaozuia ekseli isiende kando una hitilafu. Ukiwapo muda wote, hata gari likiwa tupu kwenye lami, tairi au rimu haifai kwa gari hilo, ama ekseli imehama.

Swali la tatu: ni nini kilichobadilishwa karibuni? Tairi la 195/65 R15 lina upana wa milimita 195 na kimo cha takriban milimita 634. Likibadilishwa kwa la 205/70 R15, upana huongezeka kwa milimita 10 na kimo kwa takriban milimita 33. Tairi husogea milimita 5 kuelekea ndani, na ukingo wake hupanda kwa zaidi ya milimita 16. Mahali ambapo nafasi ilikuwa ndogo tangu mwanzo, kiasi hicho chatosha kuleta mguso. Rimu nyingi nazo huandikwa herufi ET na namba; kwa rimu za upana mmoja, namba ikiwa kubwa zaidi, gurudumu huingia ndani zaidi.

Upepo nao upimwe, kwa sababu tairi lililopungua upepo hutanua ubavu. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kibandiko cha vipimo karibu na mlango wa dereva, kwa kipimo cha kPa: 240 ni sawa na takriban 35 kwenye geji ya psi.

Baada ya hapo hufuata ukaguzi. Gari lisimame mahali tambarare. Ipimwe nafasi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo vikitofautiana waziwazi, yawezekana ekseli imehama. Kwa Hiace na malori madogo yenye springi za vipande vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, mshukiwa wa kwanza ni senta bolti iliyokatika au yubolti zilizolegea. Ipakwe chaki kwenye ubavu wa ndani wa tairi, kisha gari liendeshwe polepole mwendo mfupi. Mahali chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Mwishowe gurudumu linyanyuliwe kwa jeki na kutikiswa kwa mikono miwili. Likicheza, beringi au bushi ichunguzwe.

Penye mchanga, ubao mpana uwekwe chini ya jeki, na magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Ziko njia za mkato zinazofanya hali kuwa mbaya zaidi. Kupachika vipande vya mbao au mpira kwenye springi hunyanyua gari, lakini bushi iliyokufa hubaki vilevile. Spesa nazo husogeza gurudumu nje. Zikifungwa kwa nati zinazoshika nyuzi chache tu za bolti, gurudumu laweza kuchomoka njiani.

Abiria naye ana sehemu yake. Anayesikia mkwaruzo au kunusa mpira unaoungua amwambie dereva mapema, na dereva asimame mahali salama, aangalie upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Kuchelewa gatini kwa muda mfupi kuna nafuu kuliko tairi kupasuka watu wakiwa ndani ya gari.