Herufi za Sequoyah

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tutazame jambo moja: Wacherokee wa Marekani wanaorudi darasani kujifunza lugha ya bibi zao.

Tuanze na maandishi. Mwaka 1821, Sequoyah, mfua fedha asiyejua kusoma Kiingereza, alikamilisha alama za kuiandika lugha yake. Leo ziko 85, na karibu kila moja ni silabi nzima. Wewe uliyeimba "ba, be, bi, bo, bu" darasa la kwanza unaelewa: ukizishika alama, unasoma. Kufikia 1828 Wacherokee walikuwa na gazeti lao, Cherokee Phoenix. Miaka kumi baadaye wakang'olewa kwa nguvu katika ardhi yao, maelfu wakafia njiani. Shule za bweni nazo zikawaadhibu watoto kwa kuongea Kicherokee. Mwaka 2019 viongozi wao wakatangaza hali ya dharura ya lugha; wasemaji walikuwa wamebaki takriban 2,000, wengi wazee.

Sasa, wapo wanaosema ajira iko kwenye Kiingereza. Hoja hiyo tusiibeze, mzazi ana ada ya kulipa. Tena kujua herufi si kujua kuzungumza. Lakini kwa maoni yangu, mjukuu anayesoma barua ya babu yake bila mkalimani amepata kitu ambacho mshahara haununui.

Nawe unayenisikiliza: lugha ya kwa bibi yako, nani ataizungumza na wajukuu wako?