Kosa la Sakafu Hufichwa Chini ya Kigae



Wengi wetu tumepata kuona sakafu ya ofisi au zahanati iliyotandikwa vigae, ambavyo mitaani huitwa marumaru, ikiinuka katikati kama paa la kibanda, pengine mwaka mmoja tu baada ya jengo kukabidhiwa. Mara nyingine vigae huachia kwa kishindo usiku, na mlinzi akadhani pana mwizi. Lawama hupelekwa kiwandani, lakini kigae chenyewe ni nadra kuwa mkosaji.

Sababu ya kwanza ni haraka. Zege linapokauka hunywea, na kunywea huko huendelea kwa miezi mingi. Huweza kufikia nusu milimita kwa kila mita, yaani milimita 5 katika ukumbi wa mita 10. Kigae cha udongo uliochomwa hakinywei pamoja nalo, bali hunyonya unyevu na kutanuka kidogo kidogo. Zege likiwa bado bichi na vigae vikatandikwa juu yake, chini hupungua na juu huongezeka.

Sababu ya pili ni kukosa nafasi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika kazi hii upo ufa usiotakiwa kuzibwa kwa saruji. Kama vile reli za zamani zilivyoachiwa upenyo kati ya kipande na kipande ili jua lisizipinde, ndivyo vigae vinavyohitaji upenyo wa milimita chache kando ya kuta na nguzo. Katika ukumbi mkubwa huhitajika pia mikato iliyojazwa kitu laini kama mpira. Vigae vilivyobanwa ukuta hadi ukuta havina pa kwenda ila juu.

Sababu ya tatu ni mshiko hafifu. Wako mafundi wanaoweka madonge matano tu chini ya kigae, manne pembeni na moja katikati. Kanuni za Marekani hutaka gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu, na asilimia 95 mahali penye maji. Aidha, vigae vigumu vya poseleni hunyonya maji chini ya nusu ya asilimia moja; saruji tupu haivishiki vema, hivyo huhitaji gundi maalumu.

Ndugu zangu, makosa haya yote hufunikwa siku ile ile yanapotendeka. Kwa hiyo, mwalimu aliye katika kamati ya ujenzi, na mtumishi atiaye saini hati ya malipo, hawana budi kufika kabla ya kazi kufunikwa. Hahitaji kuwa mhandisi. Na aulize zege lilimwagwa lini. Na atazame kando ya ukuta kama upenyo upo. Na amwombe fundi ainue kigae kimoja kilichowekwa punde, auone mgongo wake. Kabla ya kutia saini, agonge sakafu kwa kijiti: palipo tupu patalia kama debe.

Kuinua kigae kibichi ni kazi ya dakika moja. Kung'oa sakafu nzima hugharimu fedha ya umma mara ya pili, huku wanafunzi wakisomea nje. Saini yetu na itanguliwe na macho yetu.