Koki ya Pipa la Wanzuki Inapovuja



Asali ya miombo yetu ya Tabora ni jasho la warina asali. Haifai kuishia sakafuni. Koki ya pipa la wanzuki ikivuja, kwanza tazameni tone linatoka wapi. Likitoka mdomoni mwa koki, huenda asali iliyogandia inazuia mpira kukaa sawa: ioshwe kwa maji ya uvuguvugu. Likiendelea, mpira umelika, ubadilishwe. Likitoka shinani, penye pipa, kazeni nati kwa mkono, bila nguvu nyingi. Lakini pombe ikiwa bado inachemka, msizibe pipa kabisa: gesi ikikosa njia huweza kulipasua, na walio karibu wakaumia.