Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wao walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini. Leo ningependa kuuchukua usemi huo, niupandishe milimani, niuweke juu ya magari.

Yapo magari ambayo ukikaa ndani yake unadhani yanaelea. Yanapita kwenye mashimo kama yanapita juu ya godoro. Dereva akibonyeza kitufe, gari linainuka kama ngamia anayesimama. Akibonyeza tena, linashuka ili bibi apande bila kusukumwa. Magari hayo hubebwa kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Yalipokuwa mapya yalikuwa ya wakubwa. Sasa yamezeeka, bei imeshuka, na mtu wa kawaida mwenye akiba yake anaweza kuyafikia. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo.

Kwetu Bombo, katika milima ya Upare wilayani Same, gari si pambo. Ukitoka Same unapitia Kisiwani hadi Maore, mlima ukiwa upande mmoja na nyika ya Mkomazi upande mwingine. Kisha unaanza kupanda. Kuna kona, kuna mawe, na wakati wa masika kuna utelezi wa udongo mwekundu. Gari likifika kijijini, siku hiyo hiyo linakuwa la watu wote. Linashusha tangawizi na ndizi, linapandisha saruji na mabati, linabeba msiba, na saa nane za usiku mwenye gari anagongewa mlango kwa ajili ya mama aliyeshikwa na uchungu. Usiku huo hakuna atakayetaka kusikia habari ya pampu.

Hivi karibuni kaka yangu wa ukoo, mwalimu mstaafu, alinijia na wanawe wawili kutaka ushauri. Walikuwa wameona Toyota Land Cruiser ya mwaka 2000 kwenye yadi moja jijini Dar es Salaam. Bei ilikuwa chini kuliko nyingine za umri wake. Muuzaji alikuwa amewaonyesha jinsi inavyopanda na kushuka. Yule kijana mdogo akaniambia, "Baba mdogo, lile gari linapumua!"

Nikamwuliza, "Mlipofika mlilikuta limelala au limeamka?"

Hakuelewa. Nikamweleza kwamba walikuta injini tayari inanguruma, gari limesimama wima, limeoshwa hadi chini ya tumbo. Mgonjwa aliyekwisha mezeshwa dawa hawezi kukuonyesha ugonjwa wake. Na fedha iliyokuwa inakwenda pale ilikuwa kiinua mgongo cha kaka yangu, yaani chaki ya miaka zaidi ya thelathini. Fedha ya namna hiyo haiji mara ya pili.

Ndugu msikilizaji, tuelewe kwanza jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Nitachukua mfano wa baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 100, zilizotengenezwa kati ya 1998 na 2007. Si zote zenye mtambo huu. Zilizo nao bado zina springi zake za chuma, lakini mahali pa shokapu za kawaida pana mitungi iliyojaa mafuta. Pampu husukuma mafuta kutoka kwenye tangi dogo hadi kwenye mitungi hiyo, na gari linainuka. Kwa kila gurudumu lipo pia tufe la chuma ambalo ndani yake mna gesi ya naitrojeni upande mmoja na mafuta upande wa pili, vikitenganishwa na utando. Gurudumu likipiga jiwe, mafuta huibana gesi, nayo gesi ndiyo inayolainisha kishindo. Kadiri miaka inavyopita gesi huvuja kidogo kidogo. Ikiisha, gari bado litapanda na kushuka kwa kitufe, lakini ulaini umekwisha kufa. Kwa hiyo lile tendo la kupanda na kushuka, ambalo muuzaji hulionyesha kwa fahari, peke yake halithibitishi kitu.

Basi ukaguzi ufanywe namna hii.

Kwanza, fika asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji kabla kwamba hutaki gari liwashwe. Lisimame mahali tambarare. Chukua futi ya seremala, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Kulia na kushoto vilingane au vikaribiane sana. Gari lililoegemea upande mmoja lina jambo.

Pili, ingia uvunguni na tochi kabla ya pampu kufanya kazi. Tazama kila mtungi na kila bomba la mafuta kutoka mbele hadi nyuma. Unyevu wa mafuta ni uvujaji, hata kama ni jasho tu. Tazama pia kutu. Japani ina mikoa ya theluji, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hula vyuma vya chini. Bodi inaweza kung'aa kama kioo huku mabomba yamekwisha liwa. Na usikubali kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa haidroliki peke yake. Likishuka, halikungoji utoke. Liwekewe vyuma vya kulishikilia.

Tatu, fungua swichi bila kuwasha injini, utazame taa za dashibodi. Taa zote za tahadhari ziwake kwanza, kisha injini ikiwashwa zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa si dalili ya afya; huenda kuna mtu aliyeiziba mdomo. Taa ya mtambo huu ikimetameta, kompyuta ya gari imekwisha ona kasoro.

Nne, na hapa ndipo penye siri kubwa, fungua boneti utafute lile tangi dogo la mafuta ya haidroliki. Lina vistari vya kupimia. Injini ikiwa inaunguruma na gari likiwa mahali tambarare, lishushe hadi chini kabisa, usome mafuta yako kwenye kistari gani. Kisha lipandishe hadi juu kabisa usome tena. Gari likipanda, mafuta hutoka kwenye tangi kwenda kwenye magurudumu, kwa hiyo kimo cha tangi hushuka. Kwa Land Cruiser hizo, tofauti ikiwa kama vistari 14, matufe ni mazima. Ikiwa 7 au pungufu, gesi imekwisha na matufe yote manne yanadai kubadilishwa. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala fundi wa mjini. Kinahitaji macho na dakika 10. Na kama mafuta yenyewe ni meusi kama chai ya rangi iliyochacha, ujue hayajabadilishwa kwa miaka mingi.

Tano, lipakie. Gari tupu halisemi kweli. Waambie watu wanne au watano wapande nyuma. Linapaswa kuinama, kisha lijisawazishe lenyewe. Halafu liendeshe nje ya lami, kwenye mashimo, wewe ukiwa kiti cha nyuma. Likikurusha kama mkokoteni, umekwisha pata jibu. Pampu isiyonyamaza, au gari linalopanda kwa kusuasua, nalo ni jibu.

Mengine ni yale ya kila gari: bushi, bolijointi, tairi zilizolika upande mmoja, na namba ya chasisi kulingana na ile iliyo kwenye kadi. Sitayarefusha.

Liko pia suala la mafuta. Wafaransa wa kampuni ya Citroën ndio walioupa ulimwengu gari maarufu kuliko yote la namna hii, Citroën DS, mwaka 1955. Tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart karibu na Paris, gari la aina hiyo lililomchukua Rais Charles de Gaulle lilimiminiwa risasi, tairi zikapasuka, lakini dereva aliweza kulitoa pale na Rais akapona. Sifa hiyo ilienea duniani. Lakini wenye magari hayo walijifunza pia somo chungu. Yale ya kwanza yalitumia mafuta mekundu, ya baadaye yakatumia ya kijani, na aliyeyachanganya aliharibu mipira yote ya ndani. Tena mafuta hayo hayo yalihudumia breki na usukani. Somo hilo linasimama hadi leo: kila mtambo una mafuta yake. Kwa hiyo mwulize muuzaji ni mafuta gani yaliyomo. Akisema, "Tuliongeza tu haya ya breki," mshukuru kwa ukweli wake, uage.

Sasa kuna magari mengine ambayo mtambo umekwisha ng'olewa na kuwekwa shokapu za kawaida. Hilo si kosa. Kwa barabara zetu laweza kuwa jambo la busara. Lakini uliza jambo moja: springi nazo zilibadilishwa? Katika Land Cruiser hizi, mafuta yalikuwa yakisaidia kubeba uzito, kwa hiyo springi zake ni laini kuliko za gari la kawaida. Fundi akitoa haidroliki akaacha springi zile zile, gari likipakiwa magunia matatu ya tangawizi litakaa chini nyuma kama kuku anayeatamia. Springi za nyuma na vyuma vya mbele vinavyobeba uzito navyo sharti viwe vimebadilishwa.

Ndugu msikilizaji, watani wetu hupenda kusema kwamba Mpare hawezi kuiacha shilingi yake iende bila kuisindikiza. Utani mwema. Basi safari hii tuisindikize kweli, mpaka uvunguni mwa gari.

Kaka yangu na wanawe walirudi yadi na futi na tochi. Walilikuta gari limeinamia kushoto. Kwenye tangi tofauti ilikuwa vistari 5. Muuzaji alipoona wanasoma vistari, alipunguza bei palepale bila kuombwa. Wakanipigia simu. "Mdogo wangu, ameshusha sana. Tuchukue?"

Nilimwambia ahesabu upya. Bei mpya, ongeza matufe manne, ongeza mitungi ikiwa inavuja, ongeza mafuta yake, ongeza nauli ya fundi atakayejua kazi hiyo, kwa kuwa gereji za jirani hazijaizoea. Kisha ahesabu siku ambazo gari litalala chini likisubiri kifaa, na mvua ikinyesha, na tangawizi ikioza. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hapo limekuwa ghali kuliko lile la mwanzo." Hawakulichukua. Wamenunua gari la springi za kawaida, lisilo na kitufe cha kupandia wala kushukia. Linarusha kidogo. Lakini kila kijana wa gereji pale Same anajua kulifungua na kulifunga.

Sisemi kwamba haidroliki ni mbaya. Mwenye kuishi penye fundi na vipuri, akalipata gari lililotunzwa, atalifurahia miaka mingi. Ninalosema ni kwamba gari la mkononi lina bei mbili. Moja huandikwa kwenye kioo, na nyingine imefichwa chini ya tumbo lake. Mnunuzi mwenye busara huisoma ya pili kabla ya kulipa ya kwanza. Na kabla ya kuuliza gari linapendeza kiasi gani, aulize swali la kijijini: likiniangusha kwenye mlima usiku wa mvua, nani ataliinua?