Mkimbizi na Yaliyo Moyoni Mwake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu hapa Singe, Babati)



Nimeombwa nizungumze juu ya kitabu kilichonifaa maishani. Nitafanya hivyo, lakini kwanza ninalo deni la zamani ambalo sina budi kulikiri hapa hapa lilipoanzia.

Katika bweni letu alikuwako kijana mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Alisema kwao ni Kasulu, naye ni Mha. Jioni baada ya makande, kila mmoja wetu alikuwa na la kusimulia juu ya kwao: huyu Magugu na mashamba ya mpunga, yule Dareda, mwingine Gallapo. Yeye alisikiliza tu. Usiku mmoja mimi, kwa kutaka wenzangu wacheke, nilimwuliza mbele ya bweni zima: "Kasulu gani hiyo isiyo na hata jina la kijiji? Au wewe ni mkimbizi?" Watu walicheka. Yeye akajifunika blanketi. Muhula uliofuata hakurudi. Hadi leo sijui alitoka wapi, wala alikwenda wapi.

Si kwamba hatukuwa na habari za wakimbizi. Nchi yetu iliwapokea Warundi kuanzia mwaka 1972, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, huko huko Kasulu, kwa ajili ya Wakongo. Hesabu tulizisikia redioni. Lakini hesabu hazikutueleza mtu anawaza nini akiisha kujifunika blanketi.

Hayo nilikuja kuyakuta katika riwaya. Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka angali kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni jinsi alivyoandika juu ya hatima ya mkimbizi. Riwaya yake ya Paradise mnaweza kuisoma kwa Kiswahili, nayo inaitwa Peponi. Lakini ninayoisema mimi ni By the Sea, iliyotoka mwaka 2001.

Humo mzee wa Zanzibar, Saleh Omar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine. Kiingereza anakijua vizuri, ila ameshauriwa asikiseme, naye ananyamaza. Afisa anapekua mzigo wake, anakuta kijisanduku cha udi, anakichukua. Kwa afisa ni kitu chenye harufu nzuri tu. Kwa mzee ni ukumbusho wa duka lake la samani, na wa wafanyabiashara waliokuja Unguja kwa pepo za kaskazi.

Baadaye anatafutwa mkalimani. Anayepatikana, Latif Mahmud, ni mtoto wa yule ambaye mzee amechukua jina lake, na tena mzee huyo ndiye aliyeichukua nyumba ya akina Latif kwa hati ya deni. Basi mkimbizi huyu si malaika. Ana makosa yake na majuto yake kama sisi. Wawili hao wanaketi na kusimuliana, kila mmoja akiisahihisha kumbukumbu ya mwenzake.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Siku zote nilidhani yule kijana alinyamaza kwa kukosa la kusema. Sasa naona yawezekana alikuwa na mengi mno, na jina la Kasulu ndilo lililokuwa kinga yake. Mimi nilitaka kumnyang'anya kinga hiyo ili nichekeshe watu. Yule afisa walau alikuwa kazini.

Vijana wangu, wapo wasemao kwamba hadithi ni uongo, kupoteza wakati wa masomo. Mimi nasema ningaliisoma riwaya ile mapema, huenda usiku ule ningalifunga mdomo. Nimeleta nakala 2 kwa ajili ya maktaba. Someni. Na akija mgeni bwenini, mkaribisheni chakula. Ya kwao atayasema akipenda.

Gazeti letu hili hufika mbali. Iwapo litamfikia ndugu yangu yule, namwomba radhi. Si lazima aniambie alitoka wapi.